Kutoka Boma la Iringa hadi Kalenga

Basi lilinishusha Ipogolo, nikapanda mlima kuingia Iringa mjini kwa bajaji na kuanzia kwenye Boma la zamani, jengo la Wajerumani lenye kuta nene ambalo tangu 2016 ni makumbusho. Nilitaka kuona amri zilikotoka kabla ya kufika zilikokataliwa.

Kalenga ni mwendo mfupi kwa daladala. Mzee anayewapokea wageni alinisalimu kwa Kihehe, "Kamwene", kisha akanipeleka kwenye kabati la kioo lenye fuvu la Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyewashinda Wajerumani Lugalo mwaka 1891 na kujiua mwaka 1898 badala ya kukamatwa. Fuvu ni dogo kuliko nilivyotarajia. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliagiza Ujerumani ilirudishe, lakini ni Gavana Twining, Mwingereza, aliyelileta, mwaka 1954, baada ya kulichagua Bremen, Ujerumani, kwa kulinganisha vipimo. Wenye shaka kama ndilo lenyewe bado wapo.

Gavana alilikabidhi kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa marehemu, mwaka uleule TANU ilipozaliwa. Tangu enzi ya Gavana Cameron, miaka ya 1920, Waingereza walitawala kupitia machifu, na kwa maoni yangu hapo ndipo uchifu ulipoponzeka: aliyekusanya kodi kwa niaba ya Bwana DC, yaani mkuu wa wilaya, hakuwa tena wa watu wake peke yao. Ndiyo maana serikali huru ilipoufuta mwaka 1963, nchi haikutikisika. Adam Sapi mwenyewe alikuwa tayari Spika wa Bunge, cheo alichokishika kwa miaka mingi.

Kiti cha DC, kinyume chake, kilibaki. Anayekikalia sasa ni Mtanzania, lakini bado huteuliwa kutoka juu, na sheria ya tawala za mikoa ya 1997 ilimpa uwezo wa kuamuru mtu awekwe ndani hadi saa 48, uwezo ambao afisa wa kikoloni angeutambua mara moja.

Nilimuuliza mzee mgogoro wa shamba ukishindikana kijijini hupelekwa wapi.

"Kwa DC, mwanangu."

"Na kwa chifu je, mzee?"

"Kwa chifu tunakwenda siku ya sherehe."