Mkia Uliomea Ukame

Juzi mwanangu kaniuliza kwa nini mbayuwayu wawili waliotua kwenye waya hawalingani mikia. Nikamjibu juujuu tu, lakini akili ilishakimbilia bwawani, kwa mzee wangu mmoja anayenasa ndege, kuwapima na kuwavisha pete miguuni ili kuwafuatilia.

Ilikuwa Februari, mvua zimekataa, matete yamekauka yanakwaruza. Tulitega nyavu jioni, mbayuwayu wakaja kulala, wakanasa. Ya mbu nayaacha.

Mzee akanipa dume mmoja nimshike. Gramu 20 hivi, joto lake likapenya vidoleni papo hapo. Mkiani, unyoya wa nje wa kulia ulikuwa bado unakua, shina lake limo ndani ya ala ya kijivu. Wa kushoto ulishakamilika. Mzee akaukunjua mbele ya tochi. Katikati palikuwa na mstari hafifu, umekatiza kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, mwanga unapita. Akaupapasa kwa ncha ya ukucha. Hapo unyoya ulikuwa laini mno, wa kukatika wakati wowote.

"Siku unyoya ulipofika hapa, huyu alishinda na njaa," akasema. "Na ndio mkia anaoendea Ulaya kutafuta mke, binti."

Kumbe majike wa huko hupenda mkia mrefu. Mwaka 1988 mtafiti wa ndege Anders Pape Møller alichapisha jaribio lake la Denmark: aliwarefushia madume mikia kwa vipande vya manyoya na gundi, nao wakapata wenzi mapema kuliko waliofupishiwa. Ila mkia wenyewe humea huku Afrika, miezi ambayo Ulaya ni baridi. Mvua ikikosekana, wadudu huadimika, na unyoya hukua kwa taabu. Tena asiyeshiba huchelewa safari, akafika wenzake washajitwalia. (Amerika Kaskazini mambo ni mengine, majike huangalia zaidi wekundu wa kifua. Urembo nao una kwao.)

Nilikuwa nikidhani jike hupima ubora wa dume, basi. Lakini yule niliyemshika alikosa nini, zaidi ya kuangukiwa na mwaka mbaya? Au wenzake waliokula ukame uleule na mikia ikatoka mizima ndio jibu? Hadi leo nayumba.

Nikamuuliza mzee: sasa jike anachagua dume, au anachagua mvua?

Akaandika urefu wa mkia daftarini, akanyoosha mkono. "Nipe anayefuata."