Ninavyomwandaa punda wa mbio Lamu

Punda wa mbio hapa Lamu hafugwi kwa mbio. Mwaka mzima anabeba mchanga, mawe na boriti vichochoroni, kisha siku ya mashindano ya Maulidi au ya tamasha la utamaduni ndiye huyo huyo anayepandwa na kijana mgongo mtupu na kutimuliwa barabara ya ufukoni. Ndiyo maana sehemu kubwa ya maandalizi yangu ni kumfikisha siku hiyo akiwa mzima, na kazi yote naianzia miguuni.

Kabla ya miguu, meno. Meno ya kudumu ya mbele hutoka kwa jozi: ya katikati kwenye miaka 2 na nusu, yanayofuata 3 na nusu, ya pembeni 4 na nusu. Kinywa kisipojaa, simpandishi mtu kwa mbio. Farasi wa Marekani hukimbizwa na miaka 2. Bingwa wao mmoja, Secretariat, alianza Julai 1972 akiwa na umri huo, akakimbia mara 21, akashinda 16, na kabla ya 1973 kwisha alishastaafishwa akazalishe. Punda wetu ana miaka mingi ya kazi mbele yake; akivunjwa mifupa mapema, mwenyewe amekosa mbio na riziki pia.

Kwato nazikagua kila jioni. Nanyanyua mguu, nachokoa kuanzia kisiginoni kwenda mbele, nikipitia mifereji iliyo pande mbili za ile sehemu laini ya pembetatu. Changarawe ya matumbawe hupenda kujificha humo. Nikisikia harufu ya uozo najua amelala kwenye mkojo, basi nahamisha kamba mahali pakavu. Kupunguza kwato ni kila wiki 6 hadi 8, na ya mwisho iwe wiki mbili kabla ya mashindano, ili ikikatwa fupi mno pawe na muda wa kukua. Kwato ya punda husimama wima kuliko ya farasi. Anayeishusha kisigino kama ya farasi anaivuta mishipa ya nyuma ya mguu, na punda huyo atachechemea akifika kwenye sakafu ngumu.

Chakula ndicho kinachoharibu punda wengi. Mashindano yakikaribia, watu humwaga mahindi wakidhani wanatia nguvu. Tumbo la punda limeumbwa kwa majani makavu. Wanga mwingi ukipita bila kusagwa hadi utumbo mpana, vijidudu vya humo huuchachusha, tindikali huzidi, na sumu zake huharibu tishu zinazoshikilia kwato kwenye mfupa. Dalili zake: kwato zina joto, mshipa wa juu ya kwato unapiga kwa nguvu, mnyama anaegemea nyuma na hataki kugeuka. Maradhi haya ya kwato ndiyo yaliyommaliza Secretariat, Oktoba 1989, akiwa na miaka 19, farasi aliyeshinda mbio za Belmont kwa kuwaacha wenzake urefu wa farasi 31. Kama yanawaua mabingwa wa aina hiyo, punda wa kichochoroni atapona vipi? Mimi humpa nyasi kavu kutwa, pumba konzi chache, na chumvi ya kulamba. Usiku hafunguliwi kuzurura, kwa maana jalalani atakula nailoni na kamba, na zikikaa tumboni huziba.

Maji ayanywe anapotaka. Lita 10 hadi 25 kwa siku si nyingi kwa joto letu, na ndoo yenye ute ataikataa hata akiwa na kiu.

Mazoezi nafanyia pwani ya Shela, maji yakipwa, alfajiri. Mchanga uliolowa na kukaza unabeba mguu. Mchanga mkavu wa juu huvuta kano na kuzivimbisha. Naanza kwa mwendo wa kawaida, halafu mashoti mafupi, halafu kumtembeza tena. Siku ya mzigo mzito hakuna mbio, na siku ya mbio hakuna mzigo.

Mpandaji awe mwepesi, na akae nyuma karibu na nyonga. Akikaa juu ya mabega, punda hupoteza mwendo na kuinamisha kichwa. Ufito ni wa kugusa shingo ili ageuke. Punda anayechapwa huogopa, na punda mwoga husimama katikati ya umati. Akishasimama hakuna wa kumsogeza.

Mbio zikiisha simfungi papo hapo. Namtembeza kivulini mpaka pumzi zishuke chini ya 28 kwa dakika, namnywesha kidogo kidogo, nanyanyua kila mguu. Akiwa na jeraha, hata dogo, nampeleka kliniki ya punda ya The Donkey Sanctuary iliyo hapa mjini tangu 1987, na nauliza chanjo ya pepopunda. Shogi, lile kapu la mizigo, halirudi mgongoni mpaka ale na kutembea kama kawaida yake.