Moto juu ya meza ya upasuaji

Mgonjwa kuungua akiwa mezani, mikononi mwa waliokuja kumponya, ni jambo nadra mno. Wengi hustaafu thieta, yaani chumba cha upasuaji, bila kuliona, na ndiyo sababu hawajiandai. Likitokea, huchukua sekunde chache tu. Mahali linapopenda kutokea panajulikana: usoni, shingoni, kifuani juu, na ndani ya njia ya hewa.

Moto hutaka vitu vitatu, na thieta kila kimoja kina mwenyewe. Cheche ni ya daktari mpasuaji, maana dayathemi, kifaa cha umeme cha kukatia nyama na kuchoma mishipa inayovuja damu, iko mkononi mwake. Oksijeni ni ya mtu wa usingizi. Kuni, yaani spiriti ya kusafishia ngozi, shuka, shashi na nywele, ziko chini ya muuguzi aliyemwandaa mgonjwa. Kila mmoja anakijua chake na hakioni cha mwenzake, kwa kuwa kati ya kichwa cha mgonjwa na kidonda kuna pazia la shuka. Kwa maoni yangu, hilo pazia ni hatari kuliko mashine yoyote.

Tuanze na oksijeni, maana ndiyo inayogeuza cheche kuwa balaa. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21. Konsentreta, mashine inayochuja oksijeni kutoka hewani, tegemeo la hospitali na vituo vingi vya afya hapa Uganda, hutoa takriban asilimia 90 hadi 95, na peke yake haiwezi kukuchanganyia asilimia 30. Unachopunguza ni lita tu. Kwa mpira wa puani, lita 1 kwa dakika humpa mtu mzima takriban asilimia 24, lita 2 asilimia 28, lita 4 asilimia 36. Hesabu hizo ni za kile anachovuta. Chini ya shuka mambo ni mengine: oksijeni ni nzito kidogo kuliko hewa, hujikusanya kwenye mikunjo na kukaa ndani ya kitambaa. Shuka za pamba tunazofua na kurudia zina nyuzinyuzi laini juu yake, na penye oksijeni nyingi mwali hupita juu ya nyuzi hizo kwa kasi, kitambaa chenyewe kikiwa bado hakijashika. Shuka za kutumia mara moja nazo zina ubaya wake: zimetengenezwa zisilowe, kwa hiyo maji ukiyamwaga juu yanateleza.

Sasa chukua upasuaji unaoonekana mdogo kabisa: uvimbe shavuni, sindano ya ganzi, ketamini (dawa ya usingizi) kidogo, mpira puani lita 4, uso umefunikwa. Hapo pana hatari kubwa kuliko tumbo zima lililofunguliwa chini ya nusu kaputi. Swali la kwanza ni kama mgonjwa anahitaji oksijeni hata kidogo. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kikisomeka vizuri kwa hewa ya kawaida, usimpe. Akihitaji zaidi ya asilimia 30 muda wote, mwekee mrija wa kupumulia kooni au maski inayokaa juu ya koromeo, ili oksijeni ibaki ndani ya mapafu. Akihitaji mara mojamoja, mpasuaji aseme "nataka kuchoma", mtu wa usingizi afunge oksijeni, wote wangoje dakika 1 nzima huku shuka limeinuliwa kama hema ili iliyojikusanya itoke, ndipo dayathemi iguse nyama. Kosa la kawaida ni kuutoa mpira puani na kuulaza chini ya shuka ukiendelea kupuliza. Hapo umejaza tanuri.

Spiriti inaonewa kwa kudharauliwa. Ile ya asilimia 70 hutoa mvuke unaoweza kushika moto kuanzia karibu nyuzi joto 17, na mchana wa Kampala hauteremki mara nyingi chini ya hapo. Ipe dakika 3 kwenye ngozi isiyo na nywele. Kwenye nywele inaweza kuchukua hadi saa 1, na ndevu ni nywele. Hutuama kitovuni, kwenye kinena, kwenye mikunjo ya shingo, na mbaya zaidi chini ya mgongo, ambako shuka la chini hulowa bila mtu kujua. Ondoa vitambaa vilivyolowa kabla ya kumfunika mgonjwa. Kwa sizariani ya dharura hakuna atakayengoja dakika 3, na asilaumiwe. Basi tumia povidoni (dawa ya iodini ya kuua vijidudu) ya maji tangu mwanzo. Soma lebo, kwa sababu povidoni ya maji na ile ya spiriti zinaweza kuwa na rangi ileile. Kumbuka pia kwamba mwali wa spiriti ni wa buluu hafifu, na chini ya taa kubwa ya thieta karibu hauonekani.

Mwaka 1879, mmisionari Mwingereza Robert Felkin alishuhudia sizariani huko Bunyoro: mpasuaji alinawa kwa pombe ya ndizi, akamwosha mama tumbo kwa pombe hiyohiyo, kisha akazuia damu kwa chuma chekundu cha moto. Pombe na moto juu ya tumbo moja, na mama akapona. Pombe ya ndizi haina ukali wa spiriti yetu, wala hapakuwa na mtungi wa oksijeni kichwani.

Waliofanya kazi enzi za etha, dawa ya usingizi ya zamani, waliogopa cheche kikwelikweli, maana mvuke wake hulipuka. Ilipokuja halotheni, dawa ya usingizi isiyowaka, hofu nayo ikaondoka. Dayathemi ikabaki.

Trakeostomi, yaani kutoboa koo ili mgonjwa apumulie hapo, inastahili woga wa pekee. Mgonjwa anavuta asilimia 100, ncha ya dayathemi inatoboa puto linaloziba pembeni mwa mrija wa kupumulia, oksijeni inachomoka, na mrija wa plastiki unawaka kwa ndani. Zuia damu yote kabla ya kufika kwenye njia ya hewa, sukuma mrija ili puto literemke chini ya utakapokata, punguza oksijeni hadi kile mgonjwa anachoweza kuvumilia, kisha fungua kwa kisu. Dayathemi wakati huo iwe imewekwa kando.

Utumbo mpana uliojisokota, ugonjwa usio mgeni kwetu, nao una gesi zake: haidrojeni na methani. Haidrojeni huwaka ikifika asilimia 4 tu ya hewa. Ngozi unaweza kuichoma, lakini utumbo uliofura ufunguliwe kwa kisu au mkasi.

Moto ukishashika, hakuna muda wa kuulizana. Kwenye njia ya hewa: mrija unatoka na oksijeni inafungwa kwa wakati mmoja, shashi zinatolewa, salaini (maji ya chumvi) inamwagwa kooni. Ukifunga oksijeni na kuuacha mrija, plastiki inaendelea kuyeyuka ndani. Kisha mpe pumzi kwa maski, kwa hewa ya kawaida ikiwezekana, mpaka uwe na hakika hakuna kinachofuka. Koo lililoungua huvimba kwa saa nyingi, hivyo anayeonekana mzima asirudishwe wodini bila uangalizi wa karibu. Juu ya ngozi: funga oksijeni, vuta shuka zote sakafuni, mwagia salaini. Bakuli lake liwe tayari mezani kabla ya kukata. Kizima moto cha kaboni dioksidi ndicho kinachofaa thieta. Cha unga kitakuachia kidonda kilichojaa vumbi.

Orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2008 ina vipengele 19, na hakuna kinachotaja moto. Inaruhusu kuongeza. Ongezeni mstari mmoja kabla ya kukata: cheche ipo, oksijeni wazi ipo, spiriti imekauka?

Mrija ulioungua usitupwe. Unganisha vipande vyake mezani. Kinachokosekana bado kimo kifuani mwa mgonjwa, na lazima kitafutwe.