Chumba cha chini kinachoegemea mlima: vifaa vinavyodumu Bukavu

Nyumba nyingi za Bukavu zimechimbiwa kwenye mteremko, na chumba cha chini huwa na ukuta mmoja unaobeba udongo wa mlima. Huo ndio unaoamua ununue nini, si fundi wala duka.

Upime kwanza. Bandika ukutani kipande cha nailoni cha sentimita 50 kwa 50, ziba kingo zote kwa utepe, acha siku mbili. Nailoni ikilowa upande wa ukutani, maji yanatoka udongoni. Ikilowa upande wa chumbani, ni mvuke wa ndani: ongeza dirisha, hela ya saruji ibaki mfukoni.

Maji ya udongoni yakatwe nje. Chimba mfereji nyuma ya ukuta kwa vipande vya mita 2, na usipite kamwe kitako cha msingi, maana ukuta utatitia. Laza bomba la PVC lenye matundu, la milimita 100, lishuke sentimita 1 kila mita, kisha lifunike kwa kokoto. Maji ya paa yasimwagike hapo.

Ndani, bandua plasta ya zamani yote. Mpya iwe saruji 1 kwa mchanga 3, pamoja na dawa ya kuzuia maji, tabaka mbili za sentimita 1. Panapovuja zaidi ni pale ukuta unapokutana na sakafu, kwa hiyo pazungushiwe mkunjo wa plasta (kona ya mviringo) wa sentimita 5. Mwagilia siku 7. Rangi isubiri siku 28.

Rangi ya mafuta hapana, hata ikisifiwa vipi: inafunga ukuta, chumvi inasukuma kutoka ndani, inavimba na kubanduka. Chokaa inapumua. Triplex (plaiwudi) na linoleumu ya sakafuni huota ukungu upande usiouona.

Sakafuni tandika nailoni ya mikroni 200, ipishane sentimita 20, kisha zege ya sentimita 8. Chumba cha mita 4 kwa 3 kitahitaji mifuko 7 ya saruji ya kilo 50. Karo za 30 kwa 30, zisizoteleza, nunua 148. Zipatazo 14 ni za kukatwa na kuvunjika.

Kwa wa Goma, swali la kwanza ni mazuku, hewa ya kuua inayotoka ardhini. Hewa hiyo ya kaboni dioksidi ni nzito, haina harufu, nayo hujaa mashimoni. Mahali inapojulikana kutoka, chumba cha chini kisilaliwe na mtu, hata kiwe kimepambwa namna gani.