Kile cha matundu matatu hakikuwa kinyago

Jamani wacha niseme maana roho yangu imetulia sasa. Marehemu babu alikuwa nahodha wa jahazi, akatuachia pakacha zima la vifaa vya chomboni, limekaa stoo miaka na miaka. Nikataka kila kimoja kijulikane jina, wanangu wasije wakavitia jikoni kama kuni.

Muuza vitu vya kale mmoja mjini akaniambia eti zote hizo ni kapi tu, yaani vile vigurudumu vya kuvutia kamba, na kile kibao cha mviringo chenye matundu matatu ni kinyago. Kweli ukikitazama kina macho mawili na mdomo, nikamwamini wiki nzima! Nikapiga picha nikatafuta intaneti, yakaja majina ya vifaa vya meli za Ulaya matupu, hata kwa vitu vinavyonuka sifa mpaka leo, na sifa ni mafuta ya papa tunayopaka vyombo vyetu wenyewe.

Nikapanda gari mpaka Nungwi kwa fundi mzee wa majahazi, nauli na soda haikufika elfu kumi nadhani. Shikamoo, marahaba, nikampa lile kapi kubwa zito. Jina hakunitajia, akaniuliza, "Mwanangu, hapa ilipita kamba gani?" Nikakaa kimya. Basi akatafuta kamba, akaipitisha kwenye roda, yale magurudumu ya ndani, moja baada ya nyingine, zinazunguka vizuri kabisa, akasema hii ni gofia. Inafungwa kwenye henza, ile kamba nene inayopita juu ya mlingoti kubeba foromali, ule mti unaofungwa tanga, halafu kamba nyingine, jarari, ndiyo inazunguka humu kwenye roda, mabaharia wakiivuta tanga linapanda. Yule mdogo wa roda moja ndiye kapi, huyo utamfunga popote.

Sasa kile "kinyago". Tukapitisha kamba, hakuna kinachozunguka, na kila tundu limelika upande mmoja tu! Pembeni kina mfereji kuzunguka chote. Fundi akasema hiki si chetu, kwenye jahazi kamba za kushikilia mlingoti unazihamisha ukigeuza tanga, kwa hiyo hazikazwi moja kwa moja. Meli za Wazungu ndizo zilikuwa na vibao hivi viwili viwili, kimoja juu kingine chini, kamba nyembamba inapita matunduni kukaza zile nene za mlingoti. Wenyewe wanakiita dediai.

Nilivyorudi nikakisugua kwa mafuta ya taa na mswaki mkuukuu (usitie msasa hata kidogo, utafuta alama zote!), nikakiwekea karatasi nikapitisha mkaa juu yake taratibu, kikatokea kialama kama unyayo wa kuku, mistari mitatu inakutana juu. Nilipiga kelele nyumba nzima ikaja. Ule ni mshale waliokuwa wanapiga kwenye mali ya serikali ya Uingereza.

Muuzaji kasikia, sasa anakitaka. Nimemwambia hakiuzwi, na kinaitwa dediai.