Mtetea anayetagia tumboni

Wengi wakiona kuku wa mayai amezubaa hukimbilia kisu au dawa ya kuchanganya kwenye maji. Naandika kwa ajili ya yule aliyempa kuku wake jina na anataka kumuuguza ipasavyo.

Kuku hutumia ovari moja tu, ya kushoto. Kiini kikikomaa huchomoka, na mdomo wa mrija wa mayai unatakiwa ukidake. Kuanzia hapo hadi yai kutoka ni takriban saa 25, na kama 20 kati ya hizo ni za kuvishwa ganda. Kiini kisipodakwa huangukia tumboni. Kikiwa kimoja, mwili unaweza kukinyonya. Vikirundikana, na hasa bakteria kama E. coli wakipanda kutoka njia ya haja, tumbo huvimba na kujaa majimaji.

Utamjua kwa kusimama: kifua juu, mkia chini, miguu imeachana. Upanga wa kichwani unapauka. Weka kiganja katikati ya miguu, chini kidogo ya njia ya haja. Pakiwa teketeke kama mfuko wa maji, ni majimaji. Ukigusa kitu kigumu cha mviringo, huenda yai limekwama, na hilo lina tiba yake: beseni la maji ya uvuguvugu, nyuzi 38 hivi, dakika 20, kisha akaushwe na akae pa joto na giza. Usilipasue yai likiwa ndani, maana vipande vya ganda huchana mrija. Siku ikipita bila yai kutoka, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Mizani nayo hudanganya. Kuku mwenye maji tumboni anaweza kubaki na kilo 2 zilezile huku nyama ikiisha. Kwa hiyo pima kila asubuhi kabla hajala, kisha papasa mfupa wa kidari. Ukiwa mkali kama ukingo wa ubao, anakonda, hata kama namba haijashuka.

Kutoa majimaji ni kazi ya daktari. Sindano huingia chini, upande wa kulia, kwa sababu firigisi iko kushoto. Kuku ashikwe wima. Akilazwa chali maji hubana mifuko ya hewa na anaweza kufa mikononi. Wala yasitolewe yote kwa pupa, mwili utapata mshtuko. Omba sampuli ipimwe ili ijulikane ni antibiotiki ipi inayoua bakteria waliomo. Dawa ya kuchanganya kwenye maji siipendi kabisa hapa: mgonjwa hanywi vya kutosha, kwa hiyo hapati dozi. Ni bora apewe kwa uzito wake, kwa sindano au mdomoni. Ya mdomoni idondoshwe pembeni mwa mdomo, tone kwa tone, kwani tundu la koo la hewa liko nyuma tu ya ulimi. Mayai yake yasiliwe.

Lakini dawa bila kusimamisha utagaji ni kukinga maji yanayovuja bila kuziba bomba. Mwanga wa mchana ndio unaoichochea ovari, na siku zikifupika utagaji hupungua; lakini karibu na ikweta mwanga ni saa 12 hivi mwaka mzima. Kuku wa kienyeji hujipumzisha mwenyewe: anaatamia siku 21, kisha analea vifaranga kwa wiki kadhaa bila kutaga. Kuku wa kisasa wa mayai aliondolewa tabia hiyo kwa uzalishaji wa kuchagua. Anatoa mayai kama 300 kwa mwaka, na ovari yake haina likizo. Basi likizo mpe wewe. Mfungulie saa mbili asubuhi, saa kumi alasiri mrudishe kwenye tundu lenye giza kamili na hewa ya kutosha. Kipo pia kipandikizi cha deslorelini, dawa ya homoni, kinachowekwa chini ya ngozi na kulaza ovari kwa miezi kadhaa. Ni ghali, na si kila daktari anacho.

Angalia mpangilio wa chakula. Chakula cha kuku wa mayai kina kalsiamu karibu asilimia 4, na asiyetaga anaweza kuumia figo kwa wingi huo. Ila ukikiondoa wakati bado anataga, mayai yanakuja na ganda laini na kukwama. Subiri utagaji ukome, ndipo umhamishie chakula cha kukuzia.

Majimaji hurudi mara nyingi, hasa chanzo kikiwa uvimbe wa saratani kwenye ovari, ambao ni wa kawaida kwa kuku wakubwa. Nafasi kati ya kutoa maji mara moja na nyingine ikizidi kufupika, akahema mdomo wazi na mkia ukipanda na kushuka kwa kila pumzi, muda wa kumfisha bila maumivu umefika, na kumchelewesha ni kumtesa. Akichomwa sindano ya kumaliza, mzike kwenye shimo refu au mchome moto: dawa hiyo hubaki mwilini, na mbwa akimfukua akamla naye anaweza kufa.