Makonyo ya waliohama

Miaka miwili nimekuwa katibu wa kamati ya kisima, na kazi yangu kubwa ilikuwa kuomba. Kijiji chetu kiko Pemba, upande wa Wete. Wengi niliosoma nao hawapo: wako Unguja, Dar, Tanga, Mombasa, wengine Muscat. Tukafungua kundi la WhatsApp. Wiki ya kwanza dua, ya pili ahadi, ya tatu kimya. Ami yangu aliyeko Muscat hakunificha: "Mwanangu, siku hizi nikiiona namba yako naiacha simu ilie."

Sikumlaumu. Kodi ya nyumba yake, harusi za huku, maiti za huku, kisha na kisima.

Msimu wa karafuu ukaingia. Usiku mmoja tuko barazani tunachambua: unashika kishada, unakisokota kwenye kiganja, karafuu zinaanguka jamvini, makonyo, vile vijiti vya kishada, unayatupa pembeni. Bibi mmoja akalisukuma lile fungu la makonyo kwa mguu. "Na haya ya nani?"

Tukatazamana. Mikarafuu ni ya mwanawe aliyeko Dar. Karafuu zake huzihesabu pishi kwa pishi, hata akiwa mbali. Makonyo nayo yanauzwa, yanakwenda kutolewa mafuta kiwandani Chake Chake, lakini bei yake ni ndogo mbele ya karafuu, na hakuna aliyewahi kuyaulizia.

Asubuhi nikaandika kundini: sitaki pesa, nataka ruhusa ya makonyo ya mikarafuu yako. Kufika adhuhuri walikwishajibu watu kumi na tisa. Ami akatuma sauti, anacheka: "Chukua, baba! Hayo nayo ya kuombwa?"

Tukayaanika kiwanja cha madrasa. Kila gunia likipimwa napiga picha mizani, naandika na jina la mwenye mikarafuu. Hapo ndipo walipoanza kusema. Fundi mmoja wa Tanga aliikataa pampu tuliyoichagua, akasema maji yetu yana chumvi, itakufa mwaka haujesha. Sikukuu ya Idi akaja mwenyewe, akashuka kisimani na kamba kiunoni, akatupa orodha nyingine. Fedha za makonyo zilitosha mabomba tu. Pampu waliichangia wenyewe, mimi sijafungua mdomo.

Juzi ami kapiga simu, saa tano usiku. Anataka kujua kwa nini magunia yake ni manne na ya kaka yake ni sita.